Bunduki Nazo Ziingie Kwenye Ajenda: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Jumuiya Zetu Marekani

Kwa wenyeviti na makatibu wa jumuiya za Watanzania, Wakenya, Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na Waganda katika miji ya Marekani. Kwa wachungaji, mapadri na masheikh wetu. Kwa wazee na mama zetu mnaosikilizwa,

 

Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu jambo hili huzikwa kila linapofikishwa kwenu faraghani. Katika jumuiya ninayoishi, mtu akiomba suala la bunduki liwekwe kwenye ajenda ya mkutano, hujibiwa kwamba katiba ya chama inakataza siasa. Lakini chama hichohicho huwaalika wagombea wa udiwani na ubunge kwenye sherehe za Uhuru, huwaketisha meza kuu, hupiga nao picha, kisha huwauliza kuhusu vibali vya kazi na ndugu waliokwama kambini. Maswali hayo ni ya haki, nami nayaunga mkono. Ila hakuna anayewauliza watapiga kura gani siku muswada wa bunduki utakapofika mbele yao. Na waliokaa ukumbini ni wazazi ambao watoto wao wanafundishwa shuleni kuzima taa, kujibanza mbali na mlango na kunyamaza kimya, ili mwenye bunduki akipita nje adhani darasa ni tupu.

Mimi ni muuguzi wa idara ya dharura, mzaliwa wa Kigoma, raia wa nchi hii, na mama wa watoto watatu wanaosoma hapa. Nataka sheria zibane zaidi umiliki wa bunduki. Nalisema mapema ili msije mkanitafuta katikati ya mistari.

1. Mnasema haya ni mambo ya Wamarekani.

Watoto wetu ni Wamarekani. Wamezaliwa hapa, au wamefika wakiwa wadogo kiasi kwamba kambi za Nyarugusu na Kakuma wanazijua kwa kusimuliwa tu. Tangu mwaka 2020, bunduki ndiyo inayoongoza kwa kuua watoto na vijana wa nchi hii wenye umri wa mwaka 1 hadi 19. Imezipita ajali za magari, imeipita saratani. Mwaka 2023 peke yake, watu waliokufa kwa risasi nchini kote, wakubwa kwa wadogo, walizidi 46,000. Bunduki zilizo mikononi mwa raia zimewazidi raia wenyewe kwa idadi: makadirio yaliyotolewa mwaka 2018 yalizihesabu kuwa karibu milioni 393.

Mauaji ya halaiki, yale yanayoingia kwenye habari hadi Dar es Salaam na Bukavu, ni sehemu ndogo ya vifo hivyo. Lakini ndiyo yanayoonyesha jinsi umbali tunaojiwekea usivyo wa kweli. Tarehe 25 Oktoba 2023, mtu mmoja aliingia mahali pa kuchezea bouling mjini Lewiston, jimbo la Maine, kisha akaenda kwenye baa, akaua watu 18 na kujeruhi 13. Wanne kati ya waliouawa walikuwa viziwi. Lewiston mnaijua. Ni mji uliopokea Wasomali tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha Wakongomani, Waangola, Warundi. Kwa siku mbili mji mzima ulijifungia ndani mpaka muuaji alipopatikana akiwa amekufa. Akina mama waliokimbia Uvira na Fizi walikaa tena na watoto wao huku taa zimezimwa, wakisubiri kuambiwa kama ni salama kutoka. Mwenye kusema hayo ni mambo ya Wamarekani aende akawaambie akina mama wale.

Na Minneapolis, mji wenye Wasomali na Wakenya wengi? Tarehe 27 Agosti 2025 watoto wa shule walipigwa risasi wakiwa kanisani kwenye misa, wakauawa wawili, mmoja wa miaka 8 na mwingine wa miaka 10. Kuna mchungaji gani kati yenu anayeweza kusema kwamba hilo halimhusu?

2. Msiba mnaujua, ila mnausubiri.

Hapa sitasema mengi, maana mnayajua kuliko mimi. Mtu wetu akipigwa risasi, kabla jua halijatua kamati imeundwa, namba za kutumia michango zimesambazwa, mtu wa kushughulikia usafirishaji wa mwili amepatikana, wanawake wameshagawana zamu za kupika. Ni kazi nzuri, na siidharau. Fedha tunazozikusanya katika wiki moja ya msiba zingetosha kununua kufuli la bunduki kwa kila nyumba ya mwanachama anayemiliki silaha. Sijawahi kuona kamati ikiundwa kwa ajili hiyo.

3. Mnasema: tungekuwa na bunduki tusingechinjwa.

Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo inayowafunga mdomo wengi wetu, kwa sababu anayeitoa mara nyingi ni mtu aliyezika familia yake. Naijibu kwa heshima, na kwa urefu.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, katika kambi ya Gatumba karibu na mpaka wa Burundi na Kongo, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa kwa risasi, kwa mapanga na kwa moto. Wengi walionusurika wanaishi Marekani leo. Mzee aliyetoka pale akiniambia kwamba hatalala tena katika nyumba isiyo na bastola, sina haki ya kumcheka wala kumfundisha hofu ni nini. Ninachoweza ni kumwomba tuitazame tena Kongo aliyoikimbia, na kujiuliza kama kilichopungua kule kilikuwa bunduki.

Mashariki ya Kongo kuna makundi zaidi ya 100 yenye silaha. Mengi yalianza vilevile: vijana wa kijiji waliojihami kulinda mama zao na mashamba yao. Mai-Mai walianza kama walinzi. Miaka ya karibuni wamekuja Wazalendo, nao kwa kauli ya ulinzi. Kila kundi lilipopata bunduki kwa kujilinda, kijiji cha jirani kikapata sababu ya kuzitafuta zake. Muulizeni mkulima wa Ituri kama wingi huo wa walinzi umempa usingizi.

Au tutazame upande wa wafugaji. Mwaka 1979, Idi Amin alipoanguka, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa, na bunduki zikamiminika Karamoja. Kabla ya hapo watu waliibiana ng'ombe kwa mikuki, na wazee waliweza kukaa chini wakasuluhisha. Baada ya hapo uvamizi mmoja uliweza kumaliza boma zima, wanawake na watoto wakiwemo. Silaha zikazunguka mpaka Turkana, Pokot na Samburu, na Novemba 2012, katika bonde la Suguta karibu na Baragoi, askari polisi wa Kenya zaidi ya 40 waliuawa walipokuwa wakifuatilia mifugo iliyoibiwa. Karibu kila aliyenunua bunduki kule alisema ni ya kulinda ng'ombe wake, na naamini wengi walisema kweli. Serikali ya Uganda ilipoanza kuzikusanya, mwaka 2001 na tena kwa nguvu mwaka 2006, kazi ilikuwa ngumu na mara nyingine ya kikatili, kwa sababu hakuna boma lililotaka kuwa la kwanza kubaki mikono mitupu.

Hilo ndilo ninaloliona likianza kwetu hapa. Ndugu mmoja ameibiwa gari, mwingine anaendesha teksi usiku, wa tatu ana duka lililovamiwa. Ananunua bastola. Jirani yake Mkongomani anasikia, ananunua. Kwenye sherehe ya ubatizo vijana wanaonyeshana picha za silaha zao. Hofu zao si za uongo, lakini mwishowe tumezungukwa na bunduki nyingi zaidi, na hakuna aliye salama zaidi ya alivyokuwa.

Wengine huniuliza, mbona Westgate? Mbona Garissa? Kenya sheria yake ni kali, leseni haipatikani kirahisi, na bado watu 67 waliuawa Nairobi Septemba 2013, na 148 chuoni Garissa tarehe 2 Aprili 2015. Ni kweli. Kundi la kigaidi lenye makao ng'ambo ya mpaka, linaloingiza silaha zake kwa magendo, halizuiwi na ofisi ya leseni. Hilo ni jambo la ulinzi na upelelezi. Lakini kijana wa Uvalde, Texas, hakuwa na kundi wala magendo. Alitimiza miaka 18, na katika siku chache akanunua kihalali bunduki mbili za mtindo wa AR-15. Tarehe 24 Mei 2022 akaua wanafunzi 19 na walimu 2. Huyo ofisi ya leseni ingeweza kumkuta. Kwetu Tanzania, mwenye kutaka bunduki huanzia serikali ya mtaa wake, mahali anapojulikana ni mtu wa namna gani, kabla hajafika polisi. Tulizoea utaratibu huo, na hatukuwahi kuuita utumwa.

Na mnaposema kwamba dawa ya mtu mbaya mwenye bunduki ni mtu mwema mwenye bunduki, mkumbuke kwamba Uvalde walifika maofisa wa usalama karibu 400, wenye silaha na ngao. Dakika 77 zilipita kabla muuaji hajakabiliwa. Watoto walikuwa mle ndani wakipiga simu kuomba msaada.

4. Hamtaki kuuliza bunduki inalala wapi.

Kikosi cha ulinzi wa rais wa Marekani, ambacho pia huchunguza mashambulizi ya shuleni, kilitoa ripoti mwaka 2019 kuhusu mashambulizi ya kati ya 2008 na 2017. Katika yale yaliyotumia bunduki, kiasi cha robo tatu ya washambuliaji walizichukua nyumbani kwa mzazi au ndugu wa karibu. Muuaji wa shule ya Sandy Hook, aliyeua watoto 20 na watu wazima 6 tarehe 14 Desemba 2012, alitumia bunduki zilizonunuliwa kihalali na mama yake, na mama huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuawa asubuhi ile.

Kwa hiyo kuuliza bunduki inalala wapi nyumbani kwetu si umbea. Nyumba zetu hazina siri. Watoto wa dada wanakuja likizo, binamu anahamia miezi sita mpaka apate kazi, vijana wanalala sebuleni, na mlango wa chumba cha baba haufungwi. Bastola iliyo chini ya godoro katika nyumba ya namna hiyo, kila mtoto anaijua. Baba ndiye pekee anayedhani hawaijui.

Sheria nayo imebadilika, na wengi wenu hamjawaeleza watu. Baada ya shambulio la shule ya Oxford, Michigan, tarehe 30 Novemba 2021, lililoua wanafunzi wanne, baba na mama wa kijana aliyefyatua walishtakiwa wao wenyewe. Mwaka 2024 walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, kila mmoja akahukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15. Mwaka huohuo Michigan ilianza kutumia sheria inayomlazimu mwenye silaha kuifungia kama kuna uwezekano wa mtoto kuifikia. Kwa mhamiaji ambaye bado hajapata uraia kuna hatari nyingine tena: kutiwa hatiani kwa kosa la bunduki kunaweza kumfukuzisha nchini, hata kama ana grini kadi na ameishi hapa miaka 20. Mwanafunzi au mgeni mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha kabisa. Nimekutana na vijana ambao hawakuwahi kuambiwa hayo na mtu yeyote, wala kanisani, wala chamani.

5. Vifo vya kujiua mnaviita ajali.

Hapa naandika kama muuguzi. Zaidi ya nusu ya vifo vyote vya bunduki nchini hapa ni vya watu waliojiua. Havitangazwi sana, wala rais haendi kuhani. Katika jumuiya zetu vinafunikwa haraka kuliko vingine: marehemu alikuwa anasafisha bunduki, basi, na ibada inaendelea. Naelewa kwa nini. Kuna aibu, kuna mafundisho ya dini, kuna wazazi nyumbani ambao hawatavumilia kusikia. Familia iachiwe heshima yake. Lakini viongozi mnaojua ukweli mna wajibu kwa walio hai.

Wanaume wetu wana mizigo. Kuna aliyekuwa mwalimu mkuu Bujumbura na sasa anapanga maboksi ghalani usiku, anatuma fedha kwa watu wengi, na ndoa yake imemshinda. Hatuzungumzi naye mpaka awe amelewa au amekufa. Mtu wa aina hiyo, saa ya giza inapomfika, mara nyingi anahitaji muda tu upite, na mtu wa kukaa naye. Wengi waliookolewa katika jaribio la kujiua hawafi baadaye kwa kujiua. Ila bunduki haitoi nafasi hiyo: karibu 9 kati ya 10 wanaoitumia kujidhuru hufariki. Hao hawafiki kwangu hospitalini wakiwa na la kuniambia.

Tangu Julai 2022 kuna namba ya simu ya nchi nzima kwa aliyezidiwa na mawazo, 988, saa yoyote, bila malipo, na anayepiga anaweza kuomba mkalimani. Isomwe madhabahuni. Isomwe baada ya swala ya Ijumaa. Ibandikwe ukutani kwenye saluni na maduka ya unga na dagaa.

6. Mnasema kura zetu hazibadilishi kitu.

Naijua historia inayowakatisha tamaa. Miezi minne baada ya Sandy Hook, tarehe 17 Aprili 2013, muswada wa kuongeza ukaguzi wa rekodi za wanunuzi, ulioletwa na maseneta wa vyama vyote viwili, ulipata kura 54 dhidi ya 46 katika Seneti ukaanguka, kwa kuwa utaratibu wao ulitaka kura 60. Marufuku ya bunduki za mtindo wa kivita iliyopitishwa mwaka 1994 iliachwa ife mwaka 2004, na mpaka leo haijarudishwa. Ninataka irudi. Raia hahitaji nyumbani kwake silaha ya kuwaangusha watu kumi na wanane katika dakika chache. Tena kwa sheria ya taifa, muuzaji binafsi asiye na leseni halazimiki mpaka leo kumkagua anayemuuzia, isipokuwa jimbo lenyewe limeamua hivyo.

Hiyo ni nusu ya historia. Februari 14, 2018 watu 17 waliuawa katika shule ya Parkland, Florida. Wanafunzi walionusurika walikwenda bungeni Tallahassee, na kabla ya wiki nne kwisha gavana wa Republican alitia saini sheria iliyopandisha umri wa kununua bunduki hadi miaka 21 na kuruhusu mahakama kumwondolea silaha kwa muda mtu aliye hatarini kudhuru. Juni 2022, mwezi mmoja baada ya Uvalde, Bunge la Marekani lilipitisha sheria yake kubwa ya kwanza ya bunduki kwa karibu miaka 30, iliyoongeza ukaguzi kwa wanunuzi walio chini ya miaka 21. Siku moja baada ya mauaji ya Lewiston, mbunge Jared Golden, mzaliwa wa eneo hilo na mwanajeshi wa zamani aliyekuwa akipinga kupigwa marufuku kwa bunduki za kivita, alisimama mbele ya watu akasema amebadili msimamo.

Na Lewiston kwenyewe kuna la kujifunza zaidi. Familia ya muuaji ilitoa taarifa kwa vyombo vya usalama mwezi Mei 2023, miezi mitano kabla. Wenzake wa jeshi la akiba walionya tena Septemba. Tume huru iliyochunguza ilisema askari wa kaunti walikuwa na sababu za kutosha za kumchukua na kuanzisha taratibu za kumwondolea bunduki zake. Hawakufanya hivyo, na sheria ya Maine ya wakati ule haikuiruhusu familia kwenda mahakamani yenyewe. Ilibidi ipitie polisi. Wananchi wakapeleka swali hilo kwenye sanduku la kura, na tarehe 4 Novemba 2025 wakapitisha sheria mpya inayowapa ndugu haki ya kuiomba mahakama moja kwa moja. Hiyo ndiyo kura mnayosema haibadilishi kitu. Sasa mama wa Lewiston au Portland akimwona mwanawe anaharibikiwa huku ana silaha, ana mlango wa kubisha. Je, kuna aliyemweleza kwa Kiswahili mlango huo uko wapi?

Majimbo zaidi ya 20 yana sheria ya kumwondolea silaha kwa muda mtu aliye hatarini kudhuru, na mengi kati yake huwaruhusu ndugu kuiomba mahakama wenyewe, yakiwemo Colorado, Minnesota, Michigan na Washington, ambako tuko wengi. Texas, Ohio, Kentucky na Iowa hazina, na huko pia tuko wengi. Msidanganywe kwamba Katiba inakataza yote haya. Mahakama ya Juu, katika hukumu ya Heller ya mwaka 2008 iliyothibitisha haki ya mtu binafsi kumiliki silaha, ilisema wazi kwamba haki hiyo ina mipaka. Mwaka 2024, kwa majaji 8 dhidi ya 1, ilikubali kwamba mtu aliyewekewa amri ya mahakama kwa kumtishia mwenza wake anaweza kuzuiwa kuwa na bunduki.

Sasa maombi yangu.

Ombi la kwanza na kubwa: kila mgombea anayekuja kwetu kutafuta kura aulizwe mbele ya watu, na jibu lake liandikwe. Je, ataunga mkono ukaguzi wa rekodi kwa kila mauzo, hata ya mtu na mtu? Ataunga mkono umri wa miaka 21 kwa bunduki za mtindo wa AR-15, na hatimaye marufuku yake? Katika jimbo lisilo na sheria ya kuiruhusu familia kwenda mahakamani, ataipigania? Uchaguzi wa Novemba 2026 unawahusu wabunge wote 435 na theluthi ya maseneta. Asiyejibu asipewe meza kuu.

Sambamba na hilo, jumuiya ziandikishe wapiga kura, raia peke yao. Nalisisitiza hili kwa sababu asiye raia akijiandikisha, hata kwa kutojua, anaweza kuharibu kabisa safari yake ya uraia. Mwenye shaka asisaini fomu. Asiye raia naye ana kazi: kupiga simu ofisi ya seneta na kueleza hofu yake hakuhitaji uraia, na mkaaji yeyote wa jimbo anaweza kusikilizwa.

Pili, wenye bunduki wazifungie kwenye kasha la chuma au kwa kufuli, zikiwa hazina risasi, na risasi zifungiwe mahali pengine, na namba asiijue mtoto. Idara nyingi za polisi hutoa makufuli bure kwa anayeomba. Makatibu, nendeni mkayachukue kwa wingi, myagawe siku ya mkutano bila kumuuliza mtu jina. Mzazi anapompeleka mtoto kulala kwa rafiki, aulize kama mle ndani kuna silaha na imefungiwa wapi. Tunauliza kama kuna mbwa, tunauliza kama nyama ni halali. Na hili tuulize.

Tatu, sheria ya kila jimbo kuhusu silaha nyumbani, pamoja na njia ya kuifikia mahakama, iandikwe kwa ukurasa mmoja wa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda. Tuna mawakili wetu na wakalimani wetu, nami nimejitolea kusaidia upande wa afya. Na kamati za misiba ziongezewe kazi ya kumtembelea mtu aliyezidiwa kabla hajawa habari, na kumwomba ndugu yake amwekee bunduki mahali pengine mpaka atulie. Huko ni kumstahi mtu. Nasi tunajua kukaa na mtu usiku kucha, tumefanya hivyo matangani maisha yetu yote.

Sitaki jibu la pembeni, la kuniita baada ya ibada na kunipigapiga bega. Nataka barua hii isomwe kwenye mkutano mkuu ujao wa kila jumuiya, na wanachama wapige kura juu ya kila ombi. Panapokataliwa, iandikwe kwenye muhtasari wa kikao pamoja na sababu na majina ya viongozi waliokataa, ili wazazi wajue wa kumuuliza.

Wenu,
Muuguzi, mama wa watoto watatu